Kadi Niliyoikata kwa Tupa

Sehemu ya sita

Mliniacha nimepiga magoti ndani ya ofisi ya watu pale Homa Bay, Jumamosi asubuhi, tupa mkononi, kompyuta ya bosi iko wazi mbele yangu kama kuku anayetolewa matumbo. Sijatoka hapo. Goti langu la kushoto ni shahidi.

Wewe ambaye umefungua gazeti leo mara ya kwanza, sogea nikueleze haraka kabla wale wengine hawajachoka. Mimi ni Ogeto, fundi wa posho mili, mashine za kusaga unga, hapa Migori, mwaka wa thelathini na moja sasa. Kijana wangu Onsongo ni mwalimu kule Rongo. Bibi yake ni Rael, mkamwana wangu, na yeye anafanya kazi Homa Bay kwa ofisi ya mpima mashamba anaitwa Jacktone. Hapo ramani za ploti zinachorwa kwa kompyuta. Lakini kompyuta zimezeeka. Unaiambia ichore mstari, unaenda kunywa chai, unarudi unapata mstari uko nusu.

Jacktone akataka zote nne ziwekwe prosesa mpya, ile sehemu inayofikiria, na kadi mpya ya picha, ile inayoleta mchoro kwa skrini. Rael akamwambia, "Baba mkwe wangu huenda Nairobi kila mwezi kuchukua spea. Hajawahi kuleta spea mbaya." Akaniandikia karatasi.

Hiyo karatasi sikumwonyesha muuzaji. Leo nasema ukweli, kwa sababu hapo ndipo mambo yaliharibikia. Mtu amenunua spea miaka thelathini, asimame mbele ya kijana wa duka atoe karatasi ya mkamwana kama mtoto aliyetumwa chumvi? Niliangalia nambari za nguvu tu. Prosesa moja ilikuwa mia mbili thelathini na tatu, nyingine mia tatu, na bei ni kama ile ile. Nikabeba ya mia tatu. Kadi pia nikachukua ile mpya zaidi. Ungekuwa wewe ungeacha?

Sasa kuna mtu wa Rongo ameuliza, kwa nini nisimngoje Rael tufungue hizo mashine pamoja Jumatatu. Huyo si Mgusii. Sisi tuko na heshima tunaita chinsoni. Mimi siingii nyumba ya kijana wangu aliyeoa. Mkono wa mkamwana sishiki. Kukaa naye vichwa vimekaribiana, pumzi kwa pumzi, juu ya sanduku moja ndogo, hiyo hata kuota siwezi. Ndiyo nikaenda Jumamosi, Rael hayuko. Nikasema nitaweka kila kitu, Jumatatu atakuta mambo yamekwisha, heshima iko, kazi iko.

Haya. Turudi kwa goti.

Aliyenifungulia ni mlinzi, Paul, kwa ufunguo wake wa siri ambao bosi hajui, mtu mzima mwenye watoto watano na meno machache. Alikaa kwa kiti cha Jacktone akizunguka nacho pole pole.

"Jaduong'," akaniambia, yaani Mzee kwa Kijaluo, "hiyo kitu imekataa."

"Haijakataa. Inaona haya."

Prosesa ndiyo ilianza kunishangaza. Ile ya zamani ilikuwa kijipande bapa cha mraba, na chini yake pini nyingi ndogo. Hii yangu ya mia tatu ilikuwa ndefu, nyeusi, kama kaseti ya redio. Shimo la mraba, kitu cha kaseti. Nikageuza huku, nikageuza huku. Nikairudisha kwa boksi yake, ile ya zamani nikairudisha shimoni, nikamwambia Paul hiyo mpya itangoja.

Kadi sasa ilinipa moyo. Ilikuwa na meno ya dhahabu kwa ukingo, na chini kule kulikuwa na mfereji mrefu wa meno. Meno na meno. Ilibaki kidogo tu kuingia. Kulikuwa na kapengo hakakukaa mahali pake, na upande mmoja ulikuwa umezidi kama upana wa kucha.

Wewe fundi wa mili unayesoma hapa unajua nilifanya nini. Beringi ikizidi, tunafanya nini? Puli ikikataa shafti, tunafanya nini? Tunapiga tupa.

Nikapiga tupa.

"Inatoa vumbi ya dhahabu," Paul akasema, akainama kuangalia.

"Shika tochi, wacha kuhesabu dhahabu."

"Na Bwana Jacktone anajua?"

"Jacktone anataka ramani. Kesho kutwa atapata ramani."

Kadi ikaingia. Iliingia kwa nguvu kidogo, nikaigonga na kiganja, tak, ikakaa. Nikaona raha. Nikamwambia Paul, "Hizo tatu zimebaki ni kazi ya dakika kumi kila moja." Nikamwambia awashe.

Paul akawasha. Skrini ikabaki nyeusi. Halafu ndani ya sanduku kitu kikasema tss, kama mtu ametemea jiko mate. Moshi mwembamba ukatoka kwa tundu la nyuma, ukasimama wima kama umeitwa.

Paul alikuwa amefika mlangoni kabla mimi sijasimama.

"Zima," nikamwambia.

"Zima wewe. Mimi ni wa geti."

Nikachomoa waya. Tukabaki tukinusa. Ilinuka kama klachi ya lori iliyopanda mlima na breki.

"Jaduong'," Paul akasema, "hiyo ni ya bosi. Hiyo ndiyo iko na ramani ya ploti za Kosele."

Nikafunga kifuniko, skrubu zote nne. Nikapangusa meza na shati yangu. Kadi niliyoikata nikaiweka mfukoni, zile tatu nzima nikaziacha kwa kabati na zile prosesa. Nikarudi Migori bila kunywa hata maji. Kwa haraka ile nikasahau tupa yangu kwa dirisha la ofisi. Kumbukeni hiyo tupa.

Jumapili nilienda kanisa na nikaimba kuliko kawaida. Mama Onsongo, bibi yangu, aliniangalia tu kando.

"Wewe umefanya nini?" akaniuliza tukirudi.

"Mtu hawezi kuimba?"

"Wewe huimba hivyo ukiwa umeharibu mili ya mtu."

Nikamwambia goti linauma. Akasema sawa, goti liimbe. Halafu akasema Alhamisi atapitia Rongo, waende na Onsongo hadi Homa Bay kuona mjukuu, maana mtoto ameota jino. Sikutia maanani. Wanawake wakisema Alhamisi, mimi nilikuwa bado kwa Jumamosi.

Jumanne simu ikapigwa kwa duka la Onyancha, jirani yangu anayeuza misumari. Ilikuwa Onsongo, anapiga kutoka Rongo.

"Baba, Rael ako kwa shida."

"Shida gani?"

"Kompyuta ya bosi imekufa. Spea zote zimeletwa, ukisoma boksi tu, hazilingani na mashine. Jacktone anasema ofisi funguo ni mbili, yake na ya Rael. Paul naye anasema hajaona mtu."

Nikashika ukuta wa Onyancha.

"Rael anasema nini?"

"Anasema ni yeye. Anasema lazima aliandika ile karatasi vibaya, akakutuma vitu visivyo. Jacktone amempa mpaka Ijumaa asubuhi. Ijumaa ni baraza ya Kosele, wenye ploti wote wanakuja kuona ramani. Ramani isipokuwepo, kazi inaenda kwa mpimaji mwingine, na Rael anaweka funguo mezani."

"Ni yeye anasema aliandika vibaya?"

"Analia, Baba. Anakuomba msamaha kwa kukutembeza bure."

Ile karatasi, wapendwa, ilikuwa ndani ya kofia yangu. Ilikuwa kwa kichwa changu wakati huo huo, inanikwaruza.

Nilimwomba Onyancha anisomee, maana mimi darasa la tatu liliniacha kwa herufi za kuungana. Akavaa miwani. Akasoma: prosesa ya mraba, ya pini, mia mbili thelathini na tatu. Chini yake: si ile ya kaseti, haitaingia. Halafu: kadi ya PCI. Chini yake, na amepigia mstari mara mbili: si AGP, tafadhali Baba muulize muuzaji.

"Mzee," Onyancha akasema, "huyu msichana ameandika kila kitu isipokuwa saizi ya viatu vyako."

Jumatano asubuhi nilikuwa Homa Bay, mtaa wa Sofia, mbele ya nyumba ya kijana wangu. Nikaita nikiwa mbali. Rael akatoa stuli, akaiweka chini nje, akarudi ndani. Nikakaa. Yeye akakaa upande ule mwingine wa dirisha, pazia iko katikati, mtoto anagugumia.

Jirani mmoja anayefua akauliza, "Mzee, umekatazwa kuingia?"

"Nimejikataza," nikamwambia.

Rael akasema kutoka ndani, "Baba, umesumbuka kuja. Mimi ndiye nimekuharibia jina."

"Wacha hiyo. Nielezee kwanza. Kwa nini hivi vitu vinakataa? Si yote ni ya kompyuta?"

Akamtuliza mtoto kwanza. Nilijua anatafuta namna ya kunielezea bila kunidharau.

"Baba, posho mili yako injini imekaa kwa nini?"

"Kwa msingi. Simiti na bolti nne."

"Mtu akikuletea injini kubwa, ya kampuni nyingine. Mashimo ya bolti yatakutana?"

"Yatakutana wapi? Kila injini na msingi wake. Utavunja simiti umwage upya."

"Haya. Ndani ya kompyuta kuna ule ubao mkubwa wa kijani, unaitwa madabodi. Ndiyo msingi. Prosesa na kadi vinachaguliwa kufuata huo msingi. Hauangalii nguvu kwanza. Unaangalia msingi unakubali nini, halafu ndani ya zile zinakubaliwa ndiyo unatafuta yenye nguvu."

 Miaka thelathini na moja nawaambia watu hivyo hivyo. Kuna mtu wa Awendo nilimfukuza kwa karakana yangu kwa kununua injini bila kupima msingi. Nilimwita majina.

"Na zile zimeletwa," nikauliza, "ni mbaya?"

"Si mbaya hata. Zinalingana zenyewe kwa zenyewe. Prosesa ile na kadi ile ni za rika moja. Zimekosa tu madabodi yao. Ni kama umeleta bwana harusi na bibi harusi, wamefika, hakuna nyumba."

Akacheka kidogo, halafu sauti ikarudi chini.

"Lakini kosa ni langu. Labda niliandika AGP mahali pa PCI, maana kila aina ina mfereji wake. Nimejaribu kukumbuka usiku na mchana."

Kofia ilikuwa juu ya goti langu. Karatasi ndani. Kitu kilikuwa rahisi namna hii: kunyoosha mkono, kuipitisha chini ya pazia, kusema ni mimi.

Nikasema, "Mtoto anaendelea aje?"

Ndiyo. Hivyo ndivyo nilisema. Mtanitukana, nami nimeshajitukana. Nikanywa chai yake, vikombe viwili, nikamaliza na viazi, na nikaondoka hapo nikijiona mdogo kuliko yule mtoto anayegugumia.

Nilifika kituo cha magari. Nikasimama. Kondakta anashika mkono wangu, anasema Migori, Migori, Mzee ingia. Nikamwambia aniache. Nikageuka nikaenda ofisini.

Jacktone alikuwa kwa meza, mtu mrefu, kofia ya jua, kalamu sikioni. Rael naye alikuwa ameshafika na kuketi pembeni. Paul mlangoni. Kuniona, Paul akaanza kukagua kitasa.

"Mzee Ogeto," Jacktone akasema. "Karibu. Umekuja kunipa pole?"

"Nimekuja kukupa hii." Nikatoa karatasi kwa kofia, nikaweka mezani. Halafu nikatoa mfukoni ile kadi niliyoikata, nikaiweka juu yake.

Akasoma. Akachukua kadi, akaiangalia ukingo. Akapitisha kidole.

"Hii imeliwa na nini?"

"Tupa."

"Tupa ya chuma?"

"Ndiyo. Ni mimi niliingia Jumamosi. Nilifungua mashine yako, nikapiga hiyo kitu tupa mpaka ikaingia, ikatoa moshi. Rael hakuwepo. Rael aliandika sawa, angalia mwenyewe, amepigia mstari mara mbili. Sikumwonyesha muuzaji. Niliona haya."

 Rael alikuwa anaangalia sakafu, lakini niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mtungi.

"Ulipiga kadi ya kompyuta tupa," Jacktone akasema tena, pole pole, kama anajifunza wimbo.

"Kidogo tu."

"Na nani alikufungulia?"

Nikaangalia Paul. Paul akaangalia ziwa, na ziwa haionekani kutoka hapo.

"Mlango ulikuwa wazi," nikasema.

Nilifikiri mambo yamekwisha. Mimi ndiye mkosaji, nimekiri, Rael ako huru. Nikaanza hata kuvaa kofia. Jacktone akanyanyua mkono.

"Mzee, nakushukuru kwa ukweli. Lakini sikia. Wewe siwezi kukufuta kazi. Sikukuajiri. Aliyeniambia nikuamini ni Rael. Jina lililowekwa ni lake. Ijumaa watu wa Kosele hawatauliza Mzee Ogeto ni nani. Wataniuliza ramani iko wapi."

"Lakini aliandika sawa."

"Aliandika sawa, akachagua mtu vibaya. Ramani ikiwa Ijumaa haiko, funguo ziko mezani. Hiyo haijabadilika."

Hapo ndipo nilijua kukiri si kama kanisani.

Rael akainua sauti mara ya kwanza. "Bwana Jacktone, diski yenye ramani haijaungua. Nimeijaribu kwa hizi mashine zingine tatu, inasoma, lakini zina nguvu ndogo, zinakwama kabla ya kufungua ramani yote. Tukipata madabodi moja ya hizi prosesa mpya, kadi tatu bado nzima, nitatengeneza mashine moja kesho. Itakuwa nzuri kuliko ulivyotaka."

"Madabodi iko wapi?"

"Kisumu iko."

Nikafungua mdomo.

"Usiseme utaenda," Jacktone akaniambia. "Tafadhali. Nitaenda mwenyewe. Rael, andika karatasi. Mimi nitaionyesha muuzaji."

Alhamisi, saa kumi na nusu, gari lake likaingia. Mimi nilikuwa nimekaa kwa geti na Paul tangu saa nne, tunakula njugu, hatuongei sana. Paul alinishukuru kwa ule mlango uliokuwa wazi. Nikamwambia asinishukuru. Akasema, "Hata mimi nilikusaidia kidogo, Jaduong'." Nikafikiri anasema juu ya tochi.

Jacktone akaweka boksi mezani. Rael akatoa madabodi, mpya, inang'aa. Ikakaa ndani ya sanduku. Prosesa yangu ya kaseti, ya mia tatu, ikaenda kwa mfereji wake ikaingia, klik, bila tupa, bila kiganja, kama ng'ombe anaingia zizi lake. Nilifurahi mpaka nikakohoa.

"Sasa kadi," Rael akasema.

Nikaenda kabatini mwenyewe. Nikaleta zile tatu, kila moja kwa boksi yake. Nikafungua ya kwanza.

Ilikuwa imekatwa.

Tena imekatwa vizuri. Ukingo umenyooka, umelainishwa, kazi safi kuliko yangu. Nikafungua ya pili. Hivyo hivyo.

Nikageuka pole pole.

"Jaduong'," Paul akasema, "si ulisema zimebaki tatu, dakika kumi kila moja. Na ukaacha tupa kwa dirisha. Nikaona utarudi Jumatatu utakuta kazi imeisha. Ulikuwa umechoka, hata shati ulichafua."

"Baada ya moshi?"

"Nilifikiri moshi ni kwa sababu ile moja haikufanana na wenzake."

Jacktone akavua kofia yake ya jua, akaiweka mezani, akakaa. Nilitamani apige kelele. Hakupiga.

 Rael akachukua kadi ya kwanza, akaiinua kwa mwanga. Meno ya dhahabu yameisha upande mmoja. Akaiweka kando. Ya pili, kando. Akafungua boksi ya tatu, akaiangalia muda mrefu.

"Hii hukumaliza," akamwambia Paul.

"Mama watoto aliniita chakula."

"Meno yapo. Yote yapo. Umekula plastiki tu, hapa pembeni." Akageukia Jacktone. "Hii labda. Lakini haitasimama yenyewe, upande unaoishikilia ndio umekatwa. Lazima mtu aishike wima mpaka ramani ifunguke na niipeleke kwa printa. Kama nusu saa. Ikitikisika tu, inaungua na madabodi pia."

"Mimi sishiki," Jacktone akasema, akatuonyesha mikono. Ilikuwa inatetemeka. "Hii ni hasira. Haitaisha nusu saa."

"Mimi naweza," Paul akasema.

"Wewe usiguse kitu," tukamwambia wote watatu.

Wakanyamaza. Nilijua wamenyamazia nani. Miaka thelathini na moja nimeshika shafti inayozunguka, mkono wangu hautikisiki hata nikikohoa. Kila mtu pale alijua, na Rael alijua zaidi, na ndiyo maana alikuwa anaangalia ukuta.

Sanduku lenyewe ni dogo. Mkono wangu ukiingia, wake uko ndani pia. Kichwa changu kikiinama, chake kiko hapo.

"Baba," akasema, bado anaangalia ukuta, "kama haiwezekani, haiwezekani. Nitaweka funguo. Sitakuwa na neno na wewe maisha yangu yote."

Nikavua kofia. Nikampa Paul aishike, hiyo peke yake ndiyo angeweza kushika. Nikapiga magoti, goti la kushoto likalia. Nikaingiza mkono, nikabana kadi kwa vidole viwili, wima.

Rael akapiga magoti upande ule mwingine. Harufu ya maziwa ya mtoto iko kwa nguo yake. Nikafumba macho, kwa heshima.

"Baba, fungua macho, hutaona ikiinama."

Nikafungua. Nywele zake ziko karibu na kipara changu kama upana wa mkono. Akanyoosha kidole, akawasha.

Feni ikaanza kuzunguka. Kadi ikaanza kupata joto kwa vidole vyangu. Hakuna tss. Hakuna moshi. Sisi wawili tukainama zaidi, tunasikiliza, kama watu wanaosikiliza tumbo la mjamzito.

Mlangoni mtu akapiga hodi.

Sikuweza kugeuka. Lakini sauti ile nimelala nayo nyumba moja miaka arobaini.

"Onsongo," Mama Onsongo akasema, "shika huyu mtoto." Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo hutumia nikiwa nimeharibu kitu kisichouzwa dukani: "Baba Onsongo. Hicho ni kichwa cha nani kando ya chako?"

Nyuma yake nilisikia kijana wangu anavuta pumzi, halafu haitoi.

Vidole vikataka kufunguka vyenyewe.

"Baba," Rael akanong'ona, "usiachie."

Na skrini ilikuwa bado nyeusi.